Microsoft Defender kwa laptopu ya mwanafunzi wa chuo: inatosha, ila ikague kabla hujaiamini

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiuliza anunue antivirusi gani, jibu letu ni kwamba asinunue yoyote. Microsoft Defender, ile inayokuja bure ndani ya Windows 10 na Windows 11, inamtosha. Inaanza kazi mara laptopu inapowashwa, haiishi muda wake, haidai leseni, na maabara ya AV-TEST ya Ujerumani, ambayo alama yake ya juu ni 6 kwa kila kipengele, imeipa 6 ya ulinzi mara nyingi. Lakini Defender ya maabara na Defender ya hosteli ni vitu viwili. Ya maabara ina intaneti saa zote na mipangilio ambayo haijachezewa. Ya hosteli huenda ilifumbwa macho na aliyeiuza laptopu, ina wiki tatu haijaonja bando, na kila siku inachomekewa flashi iliyotoka steshenari. Hiyo ya hosteli ndiyo tunayoipima hapa.

Tuanze na iliyofumbwa macho, kwa sababu ndilo tatizo lisiloonekana. Laptopu nyingi zinazoingia vyuoni ni za mtumba: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, zilizotumika maofisini ughaibuni, nyingine zikapitia Dubai, kisha zikauzwa Kariakoo au Luthuli Avenue zikiwa tayari na Windows na Office. Mara nyingi Office hiyo imefunguliwa kwa kraki, yaani kiprogramu kinachofungua programu ya kulipia bila leseni, ya aina ya KMS. Defender huzitambua kraki hizo na kuzifuta, kwa hiyo anayeziweka huiambia kwanza isitazame folda fulani. Agizo hilo linabaki palepale hata laptopu ikishakuwa mikononi mwako. Defender itakuonyesha tiki ya kijani na kusema hakuna tatizo, na kwa upande wake ni kweli, maana imekatazwa kutazama mahali tatizo lilipo.

Kwa hiyo kabla ya kuweka chochote cha maana kwenye laptopu, bonyeza kitufe cha Windows, andika Windows Security, ingia Virus & threat protection, kisha Manage settings. Shuka mpaka chini kwenye Exclusions, ubonyeze Add or remove exclusions. Ukurasa huo unatakiwa uwe mtupu. Ukikuta C:\ nzima imeandikwa pale, au folda ya Temp, au ProgramData, au aina ya faili kama .exe, hiyo si laptopu yenye ulinzi. Bonyeza kila mstari, chagua Remove, halafu rudi kwenye Scan options ufanye Full scan. Ikimaliza, fanya na Microsoft Defender Antivirus (offline scan): laptopu itajizima na kuwaka, itajikagua kwa takriban dakika 15 kabla Windows haijapanda, na virusi vinavyojificha Windows ikiwa hewani havipati nafasi hiyo.

Hapa Microsoft tunawalaumu. Kuna kinga iitwayo Tamper Protection inayozuia programu nyingine kuizima Defender, na ni kinga nzuri kweli. Lakini kwenye laptopu ya mtu binafsi haizuii programu yenye ruhusa za msimamizi kuongeza folda kwenye orodha ya Exclusions. Mlango mkuu umefungwa kwa kufuli, dirisha la nyuma limeachwa wazi, na tiki ya kijani inaendelea kuwaka.

Njia ya haraka ya kuikagua Defender nzima ni hii. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, chagua Terminal (Admin), au Windows PowerShell (Admin) kama ni Windows 10, kisha andika Get-MpComputerStatus. Itatoka mistari mingi. Soma minne tu. AMRunningMode iseme Normal. RealTimeProtectionEnabled na IsTamperProtected ziseme True. AntivirusSignatureAge ni umri wa orodha ya virusi kwa siku: 0 au 1 ni salama, 7 ni uzembe, 30 ni sawa na kuwa na mlinzi aliyelala.

Kama AMRunningMode haisemi Normal, kuna antivirusi nyingine iliyoshika nafasi. Mara nyingi ni ile ya majaribio iliyokuja na laptopu mpya, muda wake umeisha na mwenyewe hana habari. Iondoe kupitia Settings, Apps, kisha Installed apps, washa laptopu upya, na Defender itaamka yenyewe. Usiweke antivirusi kamili mbili zikae pamoja. Ulinzi hauongezeki, na laptopu yenye RAM ya 4 GB haitafungua hata Word kwa amani.

Kwa laptopu ya mtumba dawa iliyo bora kuliko ukaguzi wote huu ni kuweka Windows upya kutoka kwa Microsoft wenyewe. Pakua Media Creation Tool kwenye tovuti yao, tayarisha flashi ya 8 GB au zaidi, fomati diski, weka upya. Laptopu nyingi za ofisini zilikuja na leseni halali iliyoandikwa ndani ya ubao mama, kwa hiyo ukiweka toleo lilelile, kwa mfano Pro kwa Pro, Windows hujitambua mara tu ikipata intaneti. Kraki uliyouziwa huenda hukuihitaji tangu mwanzo.

Sasa bando. Nguvu kubwa ya Defender haiko ndani ya laptopu. Ikikutana na faili isiyolifahamu, huuliza seva za Microsoft, na inaweza kulishikilia faili hilo mpaka sekunde 10 ikisubiri jibu. Bila intaneti inabaki na orodha yake ya ndani peke yake. AV-Comparatives ya Austria, ambao hupima ugunduzi kukiwa na intaneti na pasipo nayo, wamewahi kuonyesha kwamba Defender ikikosa intaneti hushuka kuliko washindani wake wengi. Kwa mtu wa ofisini hilo ni jambo dogo. Kwa mwanafunzi anayewasha data nusu saa jioni, ambaye flashi nyingi huzichomeka akiwa nje ya mtandao, ndiyo kasoro kubwa kuliko zote.

Tatizo huongezeka pale laptopu inapotegemea hotispoti ya simu. Wengi wanaojua kubana matumizi huiwekea hotispoti alama ya Metered connection, na wanafanya vizuri, kwa sababu bila hivyo Windows inaweza kumeza bando la wiki kwa usiku mmoja. Ila matokeo yake ni kwamba masasisho yanasubiri, na ya Defender huweza kusubiri pamoja nayo. Usiiondoe alama hiyo. Fanya hivi: kabla ya kuchomeka flashi ya mtu, au walau mara moja kwa siku, ingia Virus & threat protection, Protection updates, bonyeza Check for updates. Laptopu inayosasishwa kila siku hupakua nyongeza tu. Iliyolala mwezi mzima itadai mzigo mkubwa zaidi, na huo uubebe kwa waifai ya maktaba. Masasisho makubwa ya Windows yenyewe nayo yafanyie hukohuko, siku moja maalumu kwa wiki. Na katika Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization, zima kabisa ruhusa ya kubadilishana masasisho na kompyuta nyingine, ili bando lako lisitumike kumpelekea mtu mwingine faili.

Flashi inastahili kuelezwa taratibu, maana steshenari moja ya karibu na geti la chuo huhudumia mamia ya flashi kwa siku, na kompyuta yake moja ikiugua, darasa zima linaugua. Virusi vilivyoenea zaidi huko ni vya shotikati. Unafungua flashi unaona folda yako ya MADESA kama kawaida. Itazame vizuri: pembeni chini kushoto mwa ikoni kuna mshale mdogo, na ukiangalia ukubwa wake ni KB 1 au 2. Folda halisi imefichwa, na unachokiona ni shotikati. Ukiibonyeza, hufanya mambo mawili kwa pamoja: inaendesha skripti iliyojificha kwenye flashi, halafu inakufungulia folda yako halisi. Madesa unayaona yote, hushtuki, na skripti imeshahamia kwenye laptopu ikisubiri flashi inayofuata. Ujanja huu ulishamiri kwa sababu tangu Windows 7 flashi hairuhusiwi tena kujiendesha yenyewe inapochomekwa. Ilibidi virusi vitafute kidole chako.

Defender yenye orodha mpya huzikamata nyingi za skripti hizi unapobonyeza, na hapo tunaipongeza. Inapokosea ni kwamba Full scan yake, kwa mpangilio wa kiwandani, haigusi flashi. Una njia mbili. Ya kwanza, bonyeza kitufe cha kulia juu ya herufi ya flashi, tuseme E:, uchague Scan with Microsoft Defender kabla ya kufungua chochote. Ya pili, mara moja tu, kwenye ile Terminal ya msimamizi andika Set-MpPreference -DisableRemovableDriveScanning $false, na kuanzia hapo Full scan itaingia hata kwenye flashi.

Defender ikishafuta shotikati, mafaili yako yatabaki yamefichwa, na hapo ndipo wengi hudhani yamepotea, wakafomati. Usifomati. Fungua Command Prompt, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako, bonyeza Enter, subiri. Kila kitu kitarudi. Wakati mwingine vyote vinakutwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Ifungue, hamisha yaliyomo.

Kwa kuchapisha, tenga flashi ndogo isiyobeba kitu kingine. Weka PDF ya kazi moja, peleka, na ukirudi ifomati kabla ya kuitumia tena. Njia iliyo safi zaidi ni kuipelekea steshenari kazi hiyo kwa barua pepe yao au namba yao ya WhatsApp. Usiingie kwenye akaunti yako mwenyewe pale kaunta. WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta ya steshenari na ikasahaulika inabaki wazi kwa kila anayekuja baada yako. Ikague kwenye simu, sehemu ya Linked devices.

Kipengele cha Defender tunachokithamini kuliko vyote ni kile ambacho huja kikiwa kimezimwa: Controlled folder access. Kipo Virus & threat protection, Ransomware protection, Manage ransomware protection. Ukikiwasha, programu isiyoaminika haiwezi kubadilisha faili lolote ndani ya Documents, Pictures na folda nyingine ulizozitaja. Hakikisha Desktop na folda ya utafiti wako zimo kwenye Protected folders. Kama hazimo, ziongeze.

Sababu ya kukisisitiza ni virusi vya utekaji. Familia iliyowatesa sana watu binafsi inaitwa STOP, au Djvu, na njia yake kuu imekuwa kraki za programu. Unaendesha kraki, linatokea dirisha linalofanana na sasisho la Windows, asilimia zinapanda taratibu, na nyuma yake mafaili yanafungwa moja baada ya jingine. Kila faili hupata mkia mpya wa jina, na kila folda hubaki na faili la _readme.txt linalodai dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Virusi hivi hufunga takriban KB 150 za mwanzo za kila faili ili kwenda mbio; video ndefu huweza kuokolewa kwa sehemu, lakini tasnifu ya Word yenye KB 90 imekwenda yote. Emsisoft walitoa kifunguzi cha bure mwaka 2019, kinachosaidia matoleo ya zamani na baadhi tu ya mapya. Usilipe, na usifute mafaili yaliyofungwa, yahifadhi pembeni.

Controlled folder access ina usumbufu wake. Programu za takwimu za matoleo ya zamani na michezo inayohifadhi hatua zake ndani ya Documents zitakataliwa, na badala ya kusema wazi, nyingine hutoa ujumbe wa ajabu kwamba faili halipatikani. Fungua Protection history, utaona kilichozuiwa, na kama unakifahamu kiruhusu kupitia Allow an app through Controlled folder access. Siku ya kwanza utafanya hivyo mara tatu au nne, halafu basi.

Nakala ya pili ya kazi ni lazima hata hivyo. Google Drive hutoa GB 15 bure na hutunza matoleo ya nyuma ya faili kwa siku 30, kwa hiyo hata faili lililofungwa likipanda huko, la jana linaweza kurudishwa. Tasnifu, data na picha za vyeti havijazi hata GB 2. Diski ya nje nayo ni nzuri, mradi ichomolewe ukimaliza kunakili; iliyochomekwa muda wote itafungwa pamoja na laptopu.

Tukirudi kwenye kraki: hakuna antivirusi inayoweza kumlinda mtu aliyeizima mwenyewe kwa sababu maelekezo ya kraki yamesema izimwe. Na mwanafunzi hana sababu ya kufika huko. Vyuo vingi hutoa Microsoft 365 kwa barua pepe ya chuo, walau ile ya kwenye kivinjari. Jaribu kuingia kwa anwani yako ya chuo kwenye ukurasa wa elimu wa Microsoft kabla ya kumlipa mtu. LibreOffice ni bure kabisa. Badala ya SPSS kuna PSPP, jamovi na R. Badala ya MATLAB kuna GNU Octave. Autodesk huwapa wanafunzi AutoCAD halali kwa mwaka mmoja mmoja unaohuishwa.

Eneo ambalo Defender inazidiwa ni wizi wa nywila. Programu kama RedLine na Lumma haziharibu kitu. Kwa dakika chache hukusanya nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, yaani vifaili vinavyokumbuka kwamba umeshaingia kwenye akaunti, hutuma, na kuondoka. Kidakuzi cha akaunti iliyo wazi humwezesha mwizi kuingia bila kuulizwa ile namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu. Tangu 2024 umeenea mtego mmoja wa kuangaliwa sana: ukurasa unakuambia uthibitishe kwamba wewe si roboti kwa kubonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Tovuti imeshaweka amri mbaya kwenye nafasi ya kunakili, na wewe unaiendesha kwa mkono wako. Hakuna faili ulilopakua, kwa hiyo SmartScreen, kinga ya Windows inayokagua mafaili yanayopakuliwa, haina cha kukagua. Hakuna tovuti halali inayomwomba mtu afanye hivyo. Ukiona, funga.

Kama umeshabonyeza, kata intaneti kwenye laptopu kwanza. Chukua simu, badilisha nywila ya barua pepe, kisha kwenye usalama wa akaunti ya Google ondoa vifaa vyote usivyokuwa navyo mkononi, laptopu hiyo ikiwemo. Baada ya hapo ndipo uende kwenye akaunti ya bodi ya mikopo (HESLB au HELB), mfumo wa matokeo wa chuo, na mitandao ya kijamii. Barua pepe hutangulia kwa sababu nywila nyingine zote hubadilishwa kupitia humo. Kubadilisha nywila ukiwa kwenye laptopu ileile iliyoambukizwa ni kumpa mwizi nywila mpya.

Ndani ya Windows Security, App & browser control, Reputation-based protection settings, washa Potentially unwanted app blocking na visanduku vyake viwili; huzuia zile programu za matangazo zinazodandia vipakuzi vya bure. Fahamu pia kwamba ulinzi wa Defender dhidi ya kurasa za ulaghai umo kamili ndani ya Edge. Kwenye Chrome na Firefox kazi hiyo hufanywa na Google Safe Browsing.

Kuhusu washindani, kwa kifupi. Smadav ya Indonesia inapendwa sana hapa kwetu kwa ajili ya flashi. Ni nyepesi na imetengenezwa kukaa pamoja na antivirusi nyingine, kwa hiyo kwa laptopu isiyo na intaneti inaweza kuwa msaidizi, kamwe si mlinzi pekee. Avast ya bure inalinda vizuri, lakini Februari 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliiamuru ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa walizotembelea wateja. Kaspersky ilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka huohuo kwa hoja za usalama wa taifa. Huku kwetu inauzwa, na kwa mwanafunzi asiye na intaneti mara nyingi, antivirusi ya kulipia inayofanya vizuri nje ya mtandao inaweza kuwa na maana. Kwa wengine wote, hiyo ni pesa ya bumu iliyopotea.

Uzito wa Defender kwenye laptopu ya zamani yenye diski ya kuzunguka ni malalamiko ya kweli. Ukaguzi wa ratiba hutumia hadi asilimia 50 ya prosesa. Kwenye Terminal ya msimamizi andika Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20, na uzito huo utapungua. SSD, diski isiyozunguka, hufanya tofauti kubwa kuliko mpangilio wowote.

Na wenye Windows 10: msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Orodha za virusi za Defender zitaendelea kuja hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe hayazibwi mpaka ujiunge na masasisho ya nyongeza yanayofika 13 Oktoba 2026. Kujiunga ni bure ukiwasha kuhifadhi mipangilio kwa akaunti ya Microsoft. Kinyume chake ni dola 30. Mlango wa kujiunga upo kwenye ukurasa wa Windows Update.

Alama zetu: 4.5 kati ya 5 kwa laptopu iliyowekewa Windows upya na yenye intaneti kila siku. 3 kwa ile ya bando la kuungaunga inayosasishwa kwa mkono. 1 kwa iliyonunuliwa na Exclusions zake bila kukaguliwa.

Jambo moja Defender haihusiki nalo kabisa ni laptopu kuibwa hosteli. Angalia Settings, Privacy & security, Device encryption, inayofunga diski isisomeke bila funguo; kwenye toleo la Pro inaitwa BitLocker. Ikiwa imewashwa, mwizi anabaki na chuma tu. Lakini kabla hujampa fundi laptopu yako, au kabla ya kusasisha BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha laptopu), ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey uone kama funguo yako ya tarakimu 48 ipo, kisha uiandike kwenye karatasi na kuiweka mbali na begi la laptopu. Ubao mama ukibadilishwa Windows itaidai funguo hiyo, na asiyekuwa nayo hana fundi wala Microsoft wa kumrudishia mafaili.